Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kisa cha Shule ya Khumjung

Wahenga wetu walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Walilonyamaza kutuambia ni kuwa apone kwa dawa gani, na ni nani mwenye kuyajua maradhi yenyewe, mgeni au mwenyeji.

Suala hili si geni hapa pwani. Kila inapofika miezi ya Julai na Agosti huonekana vijana wa Kizungu, makundi kwa makundi, wamevaa fulana za rangi moja, wakipelekwa vijijini Kwale na Kilifi kusaidia ujenzi wa shule. Watu huwapokea kwa madafu na vigelegele, wala si vibaya, kwani ukarimu ni ada yetu. Wiki mbili zikipita huagana kwa machozi, basi likaondoka, darasa likabaki. Mara nyingine limekwisha. Mara nyingine limefika madirishani.

Sina nia ya kuwakejeli vijana hao. Mtu kuacha starehe za kwao akaja kubeba mawe kwenye jua la kwetu si jambo dogo, na niya ni ya Mola kuihukumu. Lakini ningependa, ndugu msomaji, tukae kitako na kisa kimoja cha kweli kilichotukia mbali sana nasi, mahali pasipo mnazi wala bahari, tupate kuona shule ya kijiji inayojengwa na wageni husimama kwa lipi na huanguka kwa lipi.

Khumjung ni kijiji cha nchi ya Nepal, katika wilaya ya Solukhumbu, chini ya milima ya Himalaya. Kiko yapata mita 3,800 juu ya usawa wa bahari. Lau kingekuwa kwenye Mlima Kenya, kingekuwa juu ya misitu yote, kule kwenye baridi tupu. Wenyeji wake ni Masherpa, watu waliohamia hapo kutoka upande wa Tibet karne kadhaa zilizopita. Hupanda viazi, hufuga yak, wale ng'ombe wenye manyoya marefu, na zamani walikuwa wafanyabiashara mashuhuri. Walivuka mlango wa milima uitwao Nangpa La, wakipeleka nafaka Tibet na kurudi na chumvi. Sisi ambao babu zetu waliishi kwa majahazi na pepo za kusi na kaskazi hatuhitaji kufafanuliwa maisha ya namna hiyo, ila wao jahazi lao lilikuwa yak, na dhoruba yao theluji.

Biashara hiyo iliingia dosari kubwa baada ya Uchina kuishika Tibet barabara, na hasa kufuatia maasi ya mwaka 1959, mpaka ulipobanwa. Wakati huo huo ulimwengu mwingine ulikuwa ukiwajia kutoka upande wa pili: wapanda milima wa Ulaya waliohitaji wapagazi na viongozi wa njia. Masherpa wakawa mashuhuri duniani kwa kifua na miguu yao, na wengi wao hawakujua kusoma hata barua ya kuwaajiri. Kusoma kulikuwako, lakini ni kule kwa watawa katika nyumba za ibada, maandishi ya Kitibeti ya dini yao ya Kibudha. Msomaji aliyepitia chuoni ataelewa: elimu ilikuwapo, tena ya heshima, ila haikuwa ile inayodaiwa na karani wa serikali wala na mwajiri.

Sasa tuje kwa mgeni mwenyewe. Edmund Hillary alikuwa mfuga nyuki wa Auckland, New Zealand, mtu mrefu wa maneno machache. Tarehe 29 Mei 1953 yeye na Msherpa Tenzing Norgay walisimama juu ya kilele cha Everest, mlima mrefu kuliko yote duniani, na hakuna aliyejulikana kufika hapo kabla yao. Malkia wa Uingereza akampa cheo cha "Sir". Mtu huyo angeweza kula na kunywa kwa sifa ile moja hadi siku ya kufa kwake, na hapana ambaye angemlaumu.

Mwaka 1960 alirudi Nepal na msafara mkubwa uliogharamiwa na wachapishaji wa World Book Encyclopedia wa Chicago. Kazi za msafara zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuchunguza jinsi mwili wa binadamu unavyostahimili mahali penye hewa nyepesi. Ya pili, na usicheke msomaji, ni kumtafuta yeti, lile zimwi la theluji. Nyumba ya ibada ya Khumjung ilikuwa na ngozi ya kichwa iliyosemekana kuwa ya zimwi hilo, na wageni wakaitaka wakaichunguze. Wazee wa kijiji hawakuitoa hivi hivi. Walijadiliana, wakavutana, na mwisho ngozi ikaondoka kwa muda maalumu, tena ikisindikizwa na mzee wao mmoja, Khunjo Chumbi, aliyepanda ndege nayo hadi Chicago, Paris na London. Wataalamu wakakata shauri kuwa ngozi ile ilifinyangwa kutokana na ngozi ya serow, mnyama wa milimani wa jamii ya mbuzi. Mzee akarudi na amana yake, na zimwi likabaki bila kuonekana.

Nimeirefusha hekaya hii kwa sababu moja. Watu wa Khumjung hawakuwa maskini waliokaa mkono wazi wakingoja kupewa. Walikuwa watu wa kupatana bei, wanaojua thamani ya walicho nacho na wanaotaka mzee wao awepo pale mali yao inapoamuliwa. Hao ndio waliokuja kuulizwa.

Ni katika safari hiyo hiyo, kwenye moto wa kambi, ambapo Hillary aliwauliza Masherpa: kama kuna jambo moja angaliweza kuwafanyia, wangetaka liwe lipi? Aliyejibu alikuwa Urkien, kiongozi wa wapagazi wake. Hakuomba fedha, wala nguo, wala bunduki ya kuwindia. Alisema shule, nayo ijengwe Khumjung. Tangu siku hizo umehifadhiwa msemo wa Masherpa wenyewe kwamba watoto wao wana macho lakini hawaoni, na kila anayesimulia kisa hiki huurudia.

Angalia basi mpango ulivyokwenda. Jengo lilikuwa la vipande vya aluminiamu, zawadi ya kampuni moja ya India iliyokuwa Calcutta. Ndege ndogo ya Msalaba Mwekundu wa Uswisi, iliyokuwa ikiwahudumia wakimbizi wa Tibet, ilivichukua vipande hivyo hadi kiwanja cha Mingbo kilichochongwa mlimani, na kutoka hapo vikapandishwa na kuteremshwa kwa migongo ya watu. Wageni na wenyeji wakafunga parafujo pamoja. Mwezi wa Juni 1961 shule ikafunguliwa, na kiongozi wa nyumba ya ibada ya Tengboche akaja kuibariki kwa desturi zao. Chumba kimoja kinachong'aa juani, na watoto wapatao arubaini mlangoni.

Kama kisa kingeishia hapo, kingekuwa kisa cha picha za kumbukumbu tu. Lakini kabla ya kufungua mlango, Hillary alikuwa amekwisha kumtafuta mwalimu. Hakumleta kutoka New Zealand. Alimpata Darjeeling, upande wa India, ambako Masherpa wengi walihamia kutafuta kazi. Jina lake Tem Dorji. Alikuwa Msherpa, alijua Kisherpa, Kinepali, Kihindi na Kiingereza. Mtoto aliyelia siku ya kwanza alibembelezwa kwa lugha ya mama yake. Mzazi aliyekuja na lalamiko alisikizwa bila mkalimani.

Mimi kwa maoni yangu shule ya Khumjung ni Tem Dorji kwanza, na aluminiamu baadaye. Sisi tuliosomea chuoni twalijua hilo tangu utotoni. Chuo nilichosomea mimi kilikuwa baraza ya nyumba ya mwalimu, mkeka umechanika, mbao za kuandikia zimeegemezwa ukutani, na mvua ikinyesha twasukumana ndani ukumbini. Hapakuwa na jengo, lakini chuo kilikuwapo, kwa kuwa mwalimu alikuwapo tangu alfajiri hadi adhuhuri, mwaka nenda mwaka rudi. Siku aliyougua, mkeka ulikuwa mkeka tu. Nimeona pia majengo yenye bati jipya na rangi mpya, na kibao cha jina la mfadhili kikubwa kuliko mlango, ambamo mbuzi huingia kujikinga jua. Hayo ni majengo yaliyotangulia mwalimu.

Tena historia yetu wenyewe ina mgeni wa namna hiyo. Habib Saleh hakuwa mzaliwa wa Lamu. Alitoka Ngazija, akaja Lamu katika karne ya 19, akafundisha, na hakuwabagua waliokuwa wakihesabiwa wanyonge katika mji uliojaa vyeo vya nasaba. Riyadha, msikiti na chuo alichokiasisi, bado iko Langoni, na wanafunzi wake walisambaa pwani nzima. Tofauti yake na wageni wa fulana za rangi moja hailingani na siku wala wiki: yeye hakurudi kwao.

Hillary alirudi kwao, lakini alikuja tena na tena. Habari za Khumjung zilipoenea, vijiji vingine vilimletea maombi yao. Mwaka 1963 zikajengwa shule za Pangboche na Thami, na mwaka huo huo ndui ilipoingia Khumbu msafara wa wajenzi uligeuka msafara wa chanjo, maelfu wakachanjwa. Waliofuatana naye walikuwa aghalabu wapanda milima wenzake, maseremala, mafundi, walimu na madaktari waliojitolea. Shule zilizofuata hazikung'aa kama ya kwanza: zilikuwa za mawe na mbao za huko huko, na wanakijiji wakitoa mikono yao. Shirika la Himalayan Trust lilisimamia kazi hiyo, na kwa miaka iliyofuata shule zilizojengwa au kusaidiwa zilipita 20. Mwaka 1966 ikafunguliwa hospitali ya Khunde, jirani kabisa na Khumjung. Daktari wake wa kwanza, John McKinnon, alikuja na mkewe kutoka New Zealand, na miongoni mwa maradhi makubwa waliyoyakuta ni rovu na vilema vya watoto vinavyotokana na upungufu wa madini ya aidini katika chakula.

Si kila alichokijenga kilizaa kama alivyotaka, na hapa lazima tuseme kweli. Mwaka 1964, ili kurahisisha kuleta vifaa, alinunua ardhi ya wakulima mahali paitwapo Lukla akatengeneza kiwanja cha ndege. Udongo ulikuwa laini, na yasimuliwa kuwa aliwakusanya Masherpa wakaucheza ngoma hadi ukashikamana, wakiburudishwa kwa kinywaji chao ambacho ukurasa huu hauna haja ya kukieleza. Kiwanja kile cha kubebea mbao za hospitali kikawa lango la watalii. Kabla yake mtu alikwenda Khumbu kwa miguu siku nyingi. Baada yake alifika kwa chini ya saa moja kutoka Kathmandu. Fedha ziliingia, na misitu ikakatwa kwa kuni za wageni. Hillary mwenyewe aliyasikitikia hayo hadharani, na New Zealand ikasaidia kuanzishwa kwa hifadhi ya taifa ya Sagarmatha mwaka 1976. Mtu wa Malindi au Diani akiyasoma haya atatabasamu kwa uchungu. Barabara iliyoleta sukari ndiyo iliyoleta mengine.

Alipatwa pia na msiba. Tarehe 31 Machi 1975, alipokuwa Phaplu akijenga hospitali ya pili, ndege ndogo iliyowabeba mkewe Louise na binti yao mdogo Belinda, aliyekuwa na miaka 16, ilianguka mara tu baada ya kuruka kutoka Kathmandu. Walikuwa njiani kumfuata. Wengi wangelifunga mizigo wakaichukia nchi ile. Yeye alivunjika moyo, ila hospitali ya Phaplu ilimalizwa, na aliendelea kwenda Nepal hadi uzeeni.

Sasa, msomaji, tuweke kisa hiki kando ya vingine viwili vya karibu zaidi na siku zetu, tupate kupima.

Kisa cha kwanza ni cha Greg Mortenson, Mmarekani aliyejenga shule katika kijiji cha Korphe, Baltistan, kaskazini mwa Pakistan, kwa Waislamu wenzetu. Kitabu chake kilichotoka mwaka 2006 kilisomwa na mamilioni, na michango ikamiminika, hata watoto wa shule za Marekani wakichanga senti zao. Mwezi wa Aprili 2011 televisheni ya CBS na mwandishi Jon Krakauer, ambaye yeye mwenyewe aliwahi kuchangia, walitoa habari kwamba sehemu za kitabu hazikuwa kweli, na kwamba baadhi ya shule zilizohesabiwa zilikutwa tupu au zimetumiwa kwa mambo mengine. Mkuu wa sheria wa jimbo la Montana alichunguza matumizi ya fedha, na mwaka 2012 Mortenson akakubali kulirudishia shirika lake takriban dola milioni moja. Shule zilizosimama na kusomesha watoto, wasichana hasa, zilikuwapo pia, na ni dhuluma kuzisahau. Lakini hesabu ya majengo ilikuwa imekwisha kuipita hesabu ya walimu, na mwenye kusimulia alikuwa mgeni peke yake.

Cha pili kimetokea kwa jirani zetu, Tanzania. Mwaka 2014 msichana wa Kimarekani, Pippa Biddle, aliandika makala iliyosomwa sana kuhusu safari aliyoifanya na wanafunzi wenzake kwenda kujenga maktaba katika kituo cha mayatima. Walikuwa hawajui kazi ya uashi hata kidogo. Kila siku walipanga matofali, na kila usiku, wao wakiwa wamelala, waashi wa Kitanzania waliyabomoa yale yaliyopinda wakayapanga upya, ili asubuhi wageni wasijue. Aliligundua jambo hilo kwa kuamka mapema. Akaandika, kwa uungwana ambao si wengi walio nao, kwamba ingalikuwa nafuu kwa kituo kupewa fedha zile na kuwaajiri mafundi wa hapo.

Nawafikiria waashi wale wa usiku. Mshahara wao ulikuwa nusu ya kazi, na nusu nyingine ilikuwa ni adabu: hawakutaka kumvunja moyo mgeni. Adabu hiyo twaijua, ni yetu sote katika mwambao huu. Ndiyo inayomfanya mwenyekiti wa halmashauri ya shule akubali kujengewa darasa la nne wakati anachokosa ni choo cha wasichana, kwa kuona haya kumwambia mgeni aliyetoka mbali kuwa hakuja na kinachotakiwa. Wazee wa Khumjung hawakuwa na haya hiyo. Walikuwa wameshapatana naye bei ya ngozi ya zimwi, sembuse shule.

Matunda ya Khumjung yaonekana. Mingma Norbu Sherpa, mmoja wa wanafunzi wa mwanzo, alisoma New Zealand na Kanada akarudi kuwa Msherpa wa kwanza kuiongoza hifadhi ya Sagarmatha. Alifariki katika ajali ya helikopta mwaka 2006. Ang Rita Sherpa, ambaye si yule mpanda milima wa jina hilo, aliongoza kazi za Himalayan Trust huko Kathmandu. Kami Temba Sherpa, mtoto wa Khumbu, alianza kama msaidizi wa madaktari wa kujitolea Khunde, akaenda Fiji kusomea udaktari, akarudi akaishika hospitali yenyewe. Kiti alichokikalia McKinnon mwaka 1966 kikapata mwenyewe.

Na hasara pia zaonekana. Mwaka 1971 serikali ya Nepal ilianza mpango wake wa elimu ya taifa, shule za vijiji zikaingia chini yake, na masomo yakawa kwa Kinepali. Kisherpa kilibaki nyumbani, na maandishi ya Kitibeti yakabaki kwa watawa. Tena mtoto aliyesoma sana hakurudi kuchimba viazi. Alikwenda Kathmandu, kisha ng'ambo, na leo Masherpa ni jamii kubwa katika mtaa wa Queens, New York, wengine wakiendesha teksi. Wazee waliotaka watoto waone, watoto wakaona mbali. Sisi tulio na vijana Dubai, Muscat na Jeddah hatuna la kuwafundisha wazee hao, na pengine hawana la kutufundisha.

Hillary alifariki Auckland tarehe 11 Januari 2008, akiwa na miaka 88. Miaka saba baadaye, tarehe 25 Aprili 2015 na tena tarehe 12 Mei, ardhi ya Nepal ilitetemeka. Maelfu ya watu walikufa nchini, na madarasa ya Khumjung yalikuwa miongoni mwa yaliyoharibika. Michango ilitoka New Zealand kama kawaida. Masherpa wa Queens nao walikusanyika katika nyumba yao ya ibada, wakachanga, wakafungasha mahema na mablanketi, na kuyapeleka kwao.